Mrija wa tumboni: wajibu wa daktari hauishii mezani

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kumeza hulishwa kwanza kwa mrija wa puani. Wiki zikipita bila nafuu, hupendekezwa mrija unaotoboa ukuta wa tumbo hadi kwenye tumbo la chakula. Njia hii ilianza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, kwa Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky. Daktari hupitisha endoskopi, mrija wenye kamera na taa, mdomoni, hulijaza tumbo la chakula hewa, hutazama mwanga ukijitokeza kwenye ngozi, kisha hutoboa hapo. Kwa kuwa haichukui muda mrefu, wengi huiona kazi ndogo. Si ndogo.

Kati ya ngozi na tumbo la chakula, utumbo mpana unaweza kuwa umejipenyeza, na kamera haiuoni. Ukitobolewa, mgonjwa huenda asionyeshe dalili kwa miezi. Siku mrija unapobadilishwa, ule mpya huishia ndani ya utumbo mpana na kila anacholishwa kinatoka kwa kuhara. Kinga yake ni rahisi: sindano iunganishwe na bomba lenye maji kidogo, daktari avute bomba huku sindano ikizama. Viputo vya hewa vikitokea kabla kamera haijaiona sindano, pana utumbo katikati. Aichomoe, atafute mahali pengine. Asipopapata, aahirishe, hata kama ndugu wanasubiri mlangoni.

Kidonda kuingia vijidudu ndilo tatizo la kawaida zaidi; dozi ya antibiotiki kabla ya kazi hulipunguza. Hatari zaidi ni mrija kuchomoka kabla njia yake haijakomaa, jambo linalochukua takriban wiki 2 hadi 4, na kwa mgonjwa dhaifu hata zaidi. Anayeurudisha kwa kubahatisha anaweza kumwaga chakula nje ya tumbo la chakula, katikati ya viungo vingine, na mgonjwa akafa.

Ndiyo maana mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa wagonjwa nchini Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu saa 72 za kwanza: kukitokea maumivu wakati wa kulishwa, maumivu makali au yasiyokwisha, damu mbichi au kuvuja kwa vitu vya tumboni, chakula kisimamishwe mara moja na daktari mwandamizi aitwe.

Utumbo unaweza kutobolewa hata na mkono hodari. Hilo pekee silihesabu kuwa uzembe. Uzembe ni kuondoka bila maelekezo ya maandishi wodini, kutoitikia muuguzi anapopiga simu usiku, au kumwambia mgonjwa anayelalamika kwamba maumivu ni ya kawaida bila kumpima. Na wajibu huanza kabla ya sindano: mrija hauzuii mate na chakula kuingia mapafuni, wala haujathibitika kurefusha maisha ya mwenye shida ya akili ya uzeeni iliyofikia hatua za mwisho. Familia iambiwe hivyo waziwazi.

Ndugu msomaji, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza nani atamkagua mgonjwa wako katika siku 3 za kwanza, na umpigie nani mrija ukichomoka.