Wazo Si Nia: Kuyaelewa Mawazo Yanayojilazimisha Akilini

Mgonjwa anaposema "nina mawazo" katika zahanati ya Same, mhudumu huelekea kufikiria ada ya shule, ukame wa tambarare au ugomvi wa nyumbani. Mara nyingi huwa ni kweli. Lakini wapo ambao kwao neno hilo lina maana nyingine: wazo au taswira inayoingia akilini bila kuitwa, yenye kumchukiza mwenyewe, na yenye kurudi kila inapofukuzwa.

Mfano ni mama aliyejifungua karibuni katika kijiji cha Milima ya Pare. Apitapo kando ya korongo na mtoto mgongoni, humjia taswira ya kumtupa. Hutishika kwa sababu anampenda. Basi huikwepa njia hiyo, huficha visu, na hurudia sala ileile mpaka moyo utulie. Hamwambii mtu, akichelea kuitwa mchawi au kunyang'anywa mtoto. Wengine hujiwa na matusi dhidi ya Mungu katikati ya ibada, au hurudia udhu kwa shaka isiyokwisha.

Kwa nini hayaondoki

Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wengi wenye afya pia hupitiwa na mawazo ya namna hii. Wao huyaacha yapite. Anayeugua huyapa uzito: huona kuwaza ni sawa na kutenda, kisha hupigana nayo. Mapigano hayo ndiyo huyalisha. Kila kisu kinachofichwa na kila sala ya kujikinga huleta nafuu ya muda mfupi, lakini huifundisha akili kwamba hatari ilikuwa ya kweli.

Namna ya kukabiliana nayo

Mgonjwa ajizoeze kulitambua wazo kuwa ni wazo tu, asibishane nalo, na aendelee na kazi yake. Hatua kwa hatua arudie alivyokuwa akivikwepa, bila kufanya tendo la kujituliza. Tiba yenye msingi huu ilianzishwa na Victor Meyer jijini London mwaka 1966, na hadi leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi. Ndugu na viongozi wa dini wamweleze kwamba wazo lisilotakiwa si dhambi wala nia. Wakimhakikishia kila saa, uhakikisho nao hugeuka kuwa tendo la kurudiarudia.

Kwa mhudumu wa afya

Ulizeni kwa upole: "Baadhi ya akina mama hujiwa na taswira za kutisha kuhusu watoto wao. Je, wewe hukujia?" Mama anayelichukia na kulipinga wazo lake hahitaji kutenganishwa na mtoto, anahitaji maelezo na tiba. Lakini akisikia sauti zinazomwamuru, akiamini mtoto ni pepo, akichanganyikiwa na kukosa usingizi kabisa, au akikusudia kujidhuru, hiyo ni dharura: asiachwe peke yake, naye afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Hali inapozuia kazi au malezi, apewe rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Same, na ikibidi KCMC, Moshi. Dawa kama fluoksetini husaidia, ila nafuu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Mgonjwa aelezwe hilo tangu mwanzo, asije akaziacha mapema akidhani zimeshindwa.