Maji, Chaji na Protini: Hesabu Iliyofupishwa

Tia kijiko cha chumvi katika glasi ya maji. Inayeyuka upesi. Tia chumvi hiyo hiyo katika mafuta ya kupikia, ukoroge mpaka mkono uchoke. Itabaki vile vile. Kwa nini? Chembe za chumvi zina chaji, za sodiamu chanya na za kloridi hasi, nazo huvutana sana. Lakini molekuli ya maji ina ncha mbili: upande wa oksijeni ni hasi kidogo na wa haidrojeni ni chanya kidogo. Maji huizingira kila chembe na kuigeuzia ncha inayoipenda, hata kule kuvutana kukapungua karibu mara 80. Mafuta hupunguza kama mara 3 tu!

Protini nazo zina chaji, na zinaishi majini. Tazama himoglobini, ile inayobeba oksijeni damuni. Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya wengine ikitiwa kwenye umeme. Mwaka wa 1957 Vernon Ingram akaeleza sababu: asidi ya glutamiki yenye chaji hasi imeondoka, na mahali pake pamekaa valini isiyo na chaji. Basi! Ni hilo tu. Lakini valini haipatani na maji. Oksijeni ikitoka, inajibanza kwa himoglobini jirani, nyuzi zinajengeka na seli inapinda kama mundu. Watu wa Nyanza na Pwani wanaujua vizuri uchungu wa ugonjwa huu.

Je, tarakilishi inaweza kukadiria mambo kama haya? Inaweza, ila maji ndiyo yanayoisumbua. Chukua lisozimu, protini ndogo ya ute wa yai. Ina atomu karibu 2,000, yaani jozi kama milioni 2 za kuvutana na kusukumana. Izungushie molekuli 6,000 za maji: atomu zinakuwa 20,000, na jozi karibu milioni 200. Kazi imezidi mara mia, na sehemu yake kubwa ni maji kuvutana na maji! Isitoshe, hesabu hiyo hurudiwa kila atomu zinaposogea kidogo, mara malaki.

Njia ya mkato ilianzia kwa Max Born mwaka wa 1920. Yeye hakuhesabu molekuli za maji hata moja. Aliyachukua maji kama kitu kimoja kinachopunguza nguvu za umeme, na chembe kama tufe dogo ndani yake. Chaji ikiwa mara mbili, nishati inayopatikana kwa kuzungukwa na maji ni mara nne. Tufe likiwa kubwa mara mbili, ni nusu. Mwaka wa 1990 Clark Still na wenzake huko Marekani wakaipanua kanuni hiyo ifae molekuli yenye atomu nyingi. Ujanja wao naupenda sana: atomu iliyofichika katikati ya protini hupewa tufe kubwa, kwa sababu maji yako mbali nayo, iliyo ukingoni hupewa dogo. Hivyo zile atomu 18,000 za maji haziandikwi kabisa.

Lakini mkato una hasara yake. Pengine molekuli moja ya maji hujificha ndani ya protini ikashika dawa huku na protini kule, mfano wa daraja. Kanuni hii haiioni. Kwa hiyo wanaotafuta dawa hupitia maelfu ya molekuli kwa njia ya haraka, kisha zile chache zilizobaki huzihesabu upya, maji yote yakiwemo.