Pampu ya maji inagoma kuwaka asubuhi ya baridi? Anzia hapa kabla hujafungua kabureta

Ndugu mkulima, wiki hizi za Juni na Julai simu nyingi ninazopigiwa kabla ya saa moja asubuhi hazihusu wadudu wala mbolea. Ni pampu. Mtu yuko bondeni, mipira ameshatandaza, kamba ameivuta mara ishirini, na injini haitoi hata kikohozi. Ikifika saa sita mchana anavuta mara moja tu, inawaka kama vile haikuwa na shida.

Hapa Kipalapala, kama sehemu nyingi za Tabora, tuko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri ya kiangazi inabana. Joto linashuka hadi nyuzi 15 hivi. Lakini injini nzima haigomi kwa nyuzi 15. Injini hizi hizi ndogo zinawaka kwenye nchi zenye theluji. Yako ikigoma asubuhi na kukubali mchana, jua kuna kitu kidogo kilikuwa kibovu tangu zamani, baridi imekuonyesha tu.

Sababu ni hii. Petroli ya maji maji haiungui vizuri, kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa ya baridi, mvuke unakuwa kidogo. Ndiyo maana kuna choki: inaziba hewa ili petroli iingie kwa wingi na mvuke utoshe kushika moto. Wenzetu wa Kigoma wenye injini za mitumbwi wanaijua hii habari vizuri, asubuhi ziwani hakuna kuwasha bila choki.

Kuna mama mmoja analima nyanya robo eka kule bondeni. Alishabadilisha plagi mara mbili, akalipa fundi afungue kabureta, bado. Nikamkuta anamwagilia kwa ndoo, amechoka. Nikamwambia, "Mwangaluka mayu, mbona ndoo?" Akanijibu, "Bwana shamba, mwanangu, hii mashine naiuza." Nyanya zake zilikuwa zimeanza kuoza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda. Wengi wanakimbilia dawa ya ukungu wakiliona. Siyo ukungu. Mmea unakosa kalisi kwenye tunda, na mara nyingi sababu ni maji kuja kwa kurukaruka: leo mengi, kesho hakuna, keshokutwa kidogo. Kwa hiyo pampu inayogoma asubuhi inakula nyanya moja kwa moja.

Swali langu la kwanza halikuwa la plagi. Nilimuuliza, "Ikishapata moto inasumbua?" Akasema hapana, mchana ni mara moja tu. Jibu hilo likanielekeza kwenye petroli au choki. Ingekuwa inawaka vizuri ya baridi halafu inagoma ikichemka, ningefikiria koili au valvu, na hapo ndiyo ungemwita fundi.

Tukaanza na petroli. Iliyokuwemo kwenye tangi ilitoka kwenye dumu la lita 5 lililokaa tangu Februari, mfuniko haukazi. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayotoa mvuke haraka na kuwasha injini ya baridi, ndiyo inayotoroka kwanza. Kinachobaki kinaungua injini ikiwa ya moto, ila alfajiri hakishiki. Petroli ya miezi miwili mitatu kwenye dumu la namna hiyo usiitegemee.

Ya chupa za barabarani nayo ina mambo yake. Zamani uchakachuaji wa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusilipe. Ulipungua sana, lakini chupa hujui imepitia wapi. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi inakauka upesi bila kuacha alama. Ikibaki alama ya mafuta mafuta, kuna kitu kimechanganywa.

Petroli ikiwa nzuri, angalia choki yenyewe. Kwenye pampu nyingi kishikio cha choki na koki ya mafuta vimekaa karibu karibu, na nimeshaona mtu anahangaika nusu saa kwa kusogeza kimoja akidhani ni kingine. Fungua kifuniko cha chujio la hewa, chungulia mdomo wa kabureta huku unasogeza kishikio. Kile kibati cha ndani lazima kizibe mdomo wote. Kikiacha upenyo, mchana hutajua, asubuhi utajua.

Sasa vuta: swichi iwe imewashwa, koki wazi, subiri nusu dakika, choki imefungwa, resi kidogo. Vuta kamba taratibu mpaka ikaze, ndipo uvute kwa nguvu. Ikikohoa, rudisha choki nusu na uvute tena. Ukishavuta mara tano kimya, acha! Hapo ndipo watu wanajiongezea kazi. Toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki: labda kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi kimeziba, au chujio, au jeti ndogo ya kabureta imeganda utando wa petroli ya zamani. Ikiwa imelowa, imezidiwa. Zima swichi, fungua choki na resi yote, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kausha plagi, rudisha.

Ukiwa na plagi mkononi pima mwanya wake. Nyingi za pampu hizi zinataka milimita 0.7 hadi 0.8. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo ikipita kwa kugusa gusa uko sawa.

Na kuna hili la mteremko. Injini nyingi za pampu zina kifaa kinachokata moto wa plagi oili ikipungua. Ukiiweka pampu imelala upande kwenye ukingo wa kisima, oili inakimbilia upande mmoja, kifaa kinadhani imeisha. Hapo utavuta mpaka Krismasi. Chimba kijukwaa kidogo, iwe sawa, upime oili.

Naomba sana, usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta kwa kifuniko cha chupa huku mwenzako anavuta kamba. Injini ikirudisha moto, unaungua uso. Na usiipashe kwa moto wa nyasi, nimesikia watu wanafanya.

Kwa yule mama tulimwaga yote, tukafungua nati ya chini ya kabureta kikombe chake kikauka, tukaweka lita moja mpya kutoka kituo cha mjini. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akajaza maji kwenye pampu kama kawaida ili isizunguke kavu, akavuta. Ya tatu ikashika. Nyanya zilizokwisha oza kitako hazikupona, alizichuma akazitupa. Za vichane vya juu zilitoka safi.

Msimu ukiisha, funga koki uiache injini iunguruma mpaka ijizime yenyewe, ndipo uipeleke stoo. Petroli ya dumu iliyobaki mpe mwenye bodaboda aimalize wiki hiyo hiyo.