"Mambo ya Nyumbani" Mbele ya Jaji

Maneno "hayo ni mambo ya nyumbani" yamezima kesi nyingi katika vituo vya polisi. Shirika la Ripples International, lenye makao ya wasichana mjini Meru, liliyakataa. Kuwapa watoto walionajisiwa, wengine na jamaa zao wenyewe, kitanda, tiba na ushauri hakukutosha. Oktoba 2012, likisimama mahali pa mzazi, lilikwenda kortini. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau wa Mahakama Kuu, Meru, aliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao kwa kutochunguza ipasavyo, akaamuru uchunguzi ufanywe. Nawe mwalimu, mwanafunzi akikunong'onezea, andika tarehe na maneno yake yalivyo, usimsahihishie sarufi.