Alama 80 za Somo Gani?



Kila mwisho wa mwaka sisi wazazi wa kambini na viwandani hutazama jambo moja tu katika ripoti ya mtoto: alama. Akipata 80 tunafurahi, akipata 40 tunagomba. Ni wachache kati yetu wanaouliza: amepata 80 za somo gani? Swali hilo tutalianza mbali, katika mji wa Los Angeles, Marekani, maana watoto wa wafanyakazi wa huko walilijua jibu lake kwa taabu.

Mashariki ya mji huo wanaishi watu wengi wenye asili ya Meksiko. Shule walikuwa nazo, lakini ndani ya shule mlikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa ya hesabu za juu na sayansi, nayo ilikwenda chuo kikuu. Ya pili ilikuwa ya ufundi wa magari, kupiga chapa na upishi. Watoto wengi wa Kimeksiko walisukumwa njia hii ya pili. Mtoto aliweza kuwa wa kwanza katika njia hiyo na bado chuo kikuu kikamkataa, kwa sababu vyuo vya huko havitazami alama peke yake. Hutazama pia masomo aliyoyasoma. Chuo Kikuu cha California hudai masomo 15 ya mwaka mzima, yakiwamo hisabati ya miaka 3 na sayansi ya miaka 2. Asiyefundishwa hayo, atapeleka nini?

Sisi hatudharau kazi ya mikono, ndiyo inayotulisha. Tunachokataa ni mtoto kuchaguliwa kazi hiyo na mtu mwingine, kwa kuwa baba yake ni kibarua.

Mwezi wa Machi 1968 watoto hao waligoma. Maelfu walitoka madarasani katika shule kadhaa, Garfield ikiwa mojawapo. Walitaka, pamoja na mambo mengine, masomo ya kuwafikisha chuo kikuu. Watu 13 walishtakiwa kwa kupanga mgomo ule, akiwamo mwalimu Sal Castro, lakini mashtaka hayo yalifutwa baadaye.

Mgomo hufungua mlango; kuingia ni kazi nyingine. Mwaka 1974 alifika Garfield mwalimu Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia. Kwao alikuwa mwalimu, lakini Marekani alianza kwa kupiga deki mkahawani, huku akisoma usiku. Alianzisha darasa la kalkulasi, yaani hesabu za juu ambazo kwa kawaida hufundishwa chuo kikuu. Mwaka 1979 wanafunzi waliofanya mtihani walikuwa 5 tu. Mwaka 1982 walifaulu 18.

Wenye mtihani hawakuamini. Waliwashuku 14 kuwa wameibiana majibu. Wanafunzi 12 walikubali kurudia mtihani, na wote 12 wakafaulu tena. Ndugu, fikirini: mtoto wa tajiri akifaulu hupongezwa, mtoto wa mfanyakazi akifaulu huulizwa ameiba wapi.

Watu wengi huisimulia habari hii kana kwamba ni muujiza wa mtu mmoja. Sivyo. Ilichukua miaka, kwa kuwa hesabu ngumu hazianzi juu. Walimu wenzake waliwaandaa watoto katika madarasa ya chini, na wakati wa likizo kulikuwa na masomo ya ziada.

Wala hatutaficha jambo linalotuhusu sisi wa vyama. Mkataba wa walimu uliweka kikomo cha wanafunzi 35 darasani, na madarasa ya Escalante yalipita 50. Chama cha walimu kililalamika. Kikomo kile kilikuwa haki ya walimu, nasi tungekitetea. Lakini watoto waliotaka kusoma walikuwa na haki pia. Dawa ilikuwa kuajiri walimu zaidi, na hilo ndilo la kudaiwa kwa sauti moja na mwalimu na mzazi. Mwaka 1991 Escalante aliondoka, na idadi ya waliofaulu ikashuka. Kazi inayobebwa na bega moja huanguka bega hilo likiondoka.

Huku kwetu Uganda mambo yanafanana. Asiyesoma hisabati na fizikia katika madarasa mawili ya mwisho ya sekondari kwa kawaida hapati nafasi ya uhandisi, hata awe hodari namna gani katika historia. Tulimkuta mzee mmoja, mchuma chai, aliyeuza ng'ombe wake wa pekee kumsomesha kijana awe mhandisi. Alama zilikuwa nzuri. Lakini shule haikuwa na mwalimu wa fizikia, na kijana alipewa masomo yaliyokuwapo. Mzee aliyajua hayo siku kijana alipokataliwa. Ng'ombe amekwenda, na kosa si la mzee wala la kijana.

Kwa hiyo kila tawi liwapeleke wazazi kwenye mkutano wa shule na maswali matatu. Masomo gani yanafundishwa hapa, na yapi hayana mwalimu? Kila fungu la masomo linampeleka mtoto wapi? Nani anamchagulia mtoto wetu, na kwa sababu gani? Ulizeni kabla ya kulipa karo, na ulizeni pamoja. Mzazi mmoja hufukuzwa mlangoni; wazazi 40 hupewa viti.

Umoja ni nguvu.