Je, Wajua? Ujumbe Uliousoma Haujafutika

Miaka mingi kabla ya Facebook, watu walibishana kwenye Usenet, mtandao wa makundi ya mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Walisoma kwa programu za maandishi matupu: rn ya Larry Wall (ndiye baadaye aliyeunda lugha ya Perl), kisha tin, slrn na nyinginezo.

Programu hizi huwachanganya wageni hadi leo. Ukishausoma ujumbe, ukirudi kwenye kundi huuoni tena, utadhani umefutwa. Wapi! Umefichwa tu.

Siri imo kwenye faili dogo la msomaji liitwalo .newsrc. Kila kundi lina mstari wake, kwa mfano comp.lang.c: 1-4520,4523. Yaani ujumbe namba 1 hadi 4520 umeshasomwa, na wa 4523 pia. 4521 na 4522 bado. Kundi ulilojitoa huwekewa alama ya mshangao badala ya nukta mbili.

Kuurudisha ni kazi ya kidole. Katika tin, herufi r huonyesha ujumbe wote, uliosomwa na usiosomwa. Katika slrn, simama juu ya jina la kundi, bonyeza Esc, 1, kisha Enter. Wenye rn hubonyeza m, na ujumbe huhesabiwa kuwa haujasomwa. Wasiopenda njia za mkato hulifungua .newsrc lenyewe na kurekebisha namba.

Ila seva ikishaufuta ujumbe uliopitwa na muda, hakuna herufi itakayouleta. Mijadala mingi ya miaka ya 1980 ilinusurika kwa sababu Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliihifadhi kwenye kanda za sumaku.