Binti Anapopenda Mara ya Kwanza

Mama mpendwa, hebu fikiri jambo hili. Ni Jumamosi asubuhi, unakusanya nguo za kufua. Unatikisa sketi ya shule ya binti yako, na mfukoni kinadondoka kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Au simu uliyomwazima inaita, na ukiitazama unakuta kijana fulani anamwandikia kwamba halali usingizi kwa ajili yake. Moyo unakudunda. Utafanya nini?

Swali hili si geni. Liliulizwa tangu mwaka 1971 katika riwaya ambayo wengi wetu tuliisoma, wengine kwa kujificha: Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuwa kilitaja waziwazi mambo ambayo wakubwa waliona hayafai kwa vijana. Lakini mama akikisoma kwa utulivu ataona kwamba maonyo yake makali yanatuhusu sisi wazazi.

Milango miwili iliyofungwa

Rosa ni msichana mwenye adabu kutoka familia ya Kikatoliki kisiwani Ukerewe. Siku moja anapata barua kutoka kwa mvulana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, mwalimu wa zamani aliyezama katika pombe, anaigundua na kumpiga vibaya sana. Mama yake, Regina, ni mwanamke mvumilivu, lakini hana nguvu mbele ya mumewe.

Zakaria alidhani amemlinda binti yake. Kumbe alimfundisha kuogopa tu. Rosa alipofika chuo cha ualimu Morogoro, yule wa kumtisha hakuwapo, na wa kumwelekeza alikuwa hajawahi kuwapo. Akapotea.

Baadaye Rosa alichoka na maisha yale. Akarudi, akafundisha, akapendana na kijana aliyetaka kumwoa. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya pili. Lakini kijana huyo alipojua kwamba Rosa hakuwa bikira, alimwacha. Rosa akajiua.

Tazama, mama: kupenda hakukumwua Rosa. Alipopenda mara ya kwanza, mlango wa kusema na wazazi wake ulifungwa kwa fimbo. Alipopenda mara ya pili, mlango wa msamaha ulifungwa pia.

Ukiipata barua

Usianze wakati hasira imepanda, wala usianze mbele ya wadogo zake. Ngoja moyo utulie, omba, kisha mwite binti yako mkiwa peke yenu. Mnaweza kuwa mnachambua mchele au mnasukana nywele, maana maneno mazito hutoka kwa urahisi mikono ikiwa na kazi.

Anza kwa kuuliza. Kijana huyo ni nani? Mmefahamiana wapi? Anakuomba nini? Msikilize mpaka mwisho hata kama jibu linakuchoma. Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Akikuficha wewe, atamwambia mwingine, na huyo mwingine huenda hamtakii mema.

Mweleze kwamba kupenda si dhambi, kwani Mungu ndiye aliyetuumba na moyo wa kupenda. Lakini mapenzi yana wakati wake na mipaka yake. Mwambie wazi mipaka hiyo ni ipi: asiende mahali pa faragha na mvulana, asipokee zawadi kwa siri, na masomo yasiachwe. Asiyeambiwa mipaka huijua akiwa ameshaivuka. Kama nawe ulipenda ukiwa na umri wake, mwambie. Hutapungukiwa heshima. Atajua kwamba mama yake ni mtu anayeelewa.

Tena jitahidi kutofautisha mambo. Mvulana wa darasani kwake ni jambo moja. Mwanamume mzima anayempa lifti na fedha za matumizi ni jambo jingine kabisa, hata kama binti analiita upendo. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hilo usilimalize kwa kikao cha ukoo na mbuzi wa kuomba radhi. Mtoto wako si deni la kulipwa kimya kimya.

Kama ameshateleza

Kuteleza si kuanguka. Hapa ndipo mama wengi tunaposhindwa, kwa sababu tunaona aibu yetu kabla ya kuona machozi ya mtoto. Tunafikiria kanisa litasema nini, majirani watasema nini, na baba yake atasema nini. Binti naye amekaa chumbani akijiuliza kama bado ana mama.

Neno la kwanza utakalomwambia siku hiyo hatalisahau. Mwambie: wewe ni mwanangu. Lawama zitapata siku yake. Mpeleke kliniki mapema, maana mwili wa msichana mdogo unahitaji uangalizi wa karibu wakati wa ujauzito na wa kujifungua.

Usikimbilie kumwoza ili kufunika aibu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Ndoa iliyofungwa ili watu wasiseme haina msingi wa upendo, na mara nyingi humpa binti mzigo wa pili kabla hajautua wa kwanza.

Pia usidhani masomo yamekwisha. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali, na wengi hawakurudi tena darasani. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi hao wanaruhusiwa kurejea baada ya kujifungua. Kenya ilikuwa na mpango kama huo tangu mwaka 1994. Lakini ruhusa ya Serikali haimbebi mtoto mchanga binti akiwa darasani. Anayembeba ni bibi. Ukikubali kukaa na mjukuu ili mama yake asome, umefungua mlango ambao hakuna waraka unaoweza kuufungua.

Mama wa kijana

Dada yangu, limebaki jambo moja gumu. Wengi wetu tuna mabinti, lakini tuna wana pia. Siku mwanao atakapoleta nyumbani msichana anayempenda, na ukasikia kwamba ana mtoto, au kwamba zamani alipotoka, utasema nini? Jumapili tunaimba habari za neema. Jumatatu tunatuma mtu kijijini kwao kuchunguza.

Petro alimkana Bwana mara tatu. Baada ya kufufuka, Yesu alimwuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo wake. Hakujifanya kwamba kosa halikuwapo, wala hakulifanya kuwa jina la Petro. Na yule mwanamke aliyeletwa mbele yake apigwe mawe, alimwachilia, akamwagiza asirudie dhambi.

Basi na sisi tuwafundishe wana wetu usafi ule ule tunaowadai mabinti, na tuwafundishe kusamehe. Rosa wa jirani anaweza kuwa mkwe wako, na kijana anayemchunguza binti yako ni mtoto wa mama kama wewe.

Leo jioni, kabla hujapata barua yoyote, mwite binti yako akae karibu nawe jikoni. Mwulize habari za siku yake. Kisha nyamaza, umsikilize.